Yai la Mtu Tusiyemjua

Mei 22. Manyunyu tangu asubuhi.

Daftari hili tumegawiwa na chama cha wakulima ili tuandike mvua, wadudu na hali ya majani. Mvua ipo. Wadudu wameanza. Majani bado. Kwa kuwa kurasa ni nyingi kuliko habari za chai, nitaandika na yangu humuhumu. Atakayesoma na asome. Nina miaka sitini na tisa, sina tena wa kumwonea haya.

Binti yangu Pi-yun amerudi nyumbani leo. Mumewe, Te-an, alimleta kwa gari mpaka mlangoni, akambebea hata mkoba wa mkononi. Mimba ina wiki ishirini na tano. Daktari kasema kondo la nyuma limekaa chini mno, karibu na mlango wa uzazi, kwa hiyo asinyanyue kitu, asipande ngazi, asisimame jikoni. Te-an kiwanda cha Hsinchu kinammaliza, mama yake alishafariki, basi ni mimi. Pi-yun ana miaka arobaini na moja, na hii ni mimba yake ya kwanza baada ya miaka tisa ya kutafuta. Nilifurahi mpaka nikamgombeza kwa kuvaa kandambili zinazoteleza.

Mei 23. Mvua.

Chin-mei amekuja na sindano na uzi, ati apinde pazia la chumba cha Pi-yun. Chin-mei tumechuma chai pamoja zaidi ya miaka arobaini, ananizidi mitatu, na bado hana akili. Nilimkamata mkono mlangoni.

"Unataka kumshona mtoto midomo?"

"Jamani Lien, ni pazia tu!"

"Pazia liko ndani ya chumba, na mwenye mimba yuko ndani ya chumba. Toka na sindano yako."

Roho ya mtoto haikai tumboni tu. Inatembea nyumbani: leo iko kitandani, kesho mlangoni, kesho kutwa kwenye jiko. Ukipigilia msumari mahali ilipo, umemgonga mtoto. Ukisogeza kitanda, umemtikisa. Hivyo tangu jana hapana mkasi, hapana sindano, hapana nyundo. Turubai la barazani, ambalo chini yake tunanyausha majani, nimelifunga kwa kamba. Te-an alicheka jana. "Mama, mimi ni injinia." Nikamwambia, "Na mimi ni mama mkwe wako." Akaacha kucheka.

Mei 30.

Jua saa mbili, halafu mvua. Pi-yun kala vizuri.

Juni 2.

Wadudu wa kijani wamejaa upande wa mashariki. Wageni wanaopita njiani huniuliza kwa nini sipigi dawa. Nawaambia wadudu ndio wapishi wangu. Jani wasiloling'ata halitoi harufu ya asali, na bila harufu hiyo chai yetu ni majani ya kawaida tu.

Juni 7. Joto.

Sikukuu ya mbio za mashua. Nimefunga wali wa kunata katika majani ya mianzi, vifurushi arobaini, na Pi-yun amekaa pembeni akinielekeza kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa. Chin-mei alisema mtoto atakuwa na ulimi wa mama yake, maskini. Nikasema ulimi sijui, lakini masikio nina hakika. Mama yangu alikuwa na masikio haya yenye ndewe nene, mimi ninayo, Pi-yun anayo. Wajukuu wangu wa Taichung, watoto wa kaka yake Pi-yun, wamechukua masikio ya mama yao, makavu kama uyoga. Huyu wa Pi-yun ndiye nimemngoja.

Pi-yun akauliza kama kesho tutachuma. Nimeona sasa, kila nikitaja mtoto atafanana na nani, yeye huuliza habari za chai.

Juni 11.

Tumeanza kuchuma. Wanawake saba. Chipukizi moja na majani mawili, yaliyojikunja tu. Mgongo.

Juni 13.

Kuchuma. Kunyausha. Kutikisa. Sina nguvu ya kuandika.

Juni 16. Mawingu, hakuna upepo.

Leo nataka niandike jinsi ilivyokuwa, nisijipambe.

Alasiri Pi-yun alikuwa amelala kiubavu kwenye kochi, mimi nachambua vikonyo kwenye ungo. Nilikuwa nikisema yale yale, kwamba nimeona sufi laini dukani na nitamfumia kofia ya kufunika masikio, maana ndewe nene hupata baridi.

Pi-yun akasema, "Mama, masikio hayo usiyangoje."

"Kwa nini? Najua ya Te-an hayana mpango, lakini nusu ni ya kwetu."

"Hakuna nusu ya kwetu."

Nilidhani ananitania. Nikatazama uso wake nikaona hapana.

"Yai si langu," akasema. "Mayai yangu yaliisha nikiwa na miaka thelathini na saba. Daktari alitafuta, hakukuta kitu. Hili limetoka kwa msichana mwingine. Sheria hairuhusu tumjue, wala yeye atujue. Tunajua kundi lake la damu na rangi ya ngozi yake, basi."

Nilikuwa na vikonyo mkononi. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Sasa huyo mtoto ni wa nani?"

"Wangu."

"Wa Te-an, nimekubali. Wako kivipi?"

Akaketi, taratibu, mkono chini ya tumbo. Inaonekana maneno hayo alikuwa ameyaandaa siku nyingi. Alisema jeni ni za yule msichana, lakini jeni hazijiendeshi zenyewe. Mwili wa anayebeba ndio unaoziwekea alama: hii iwake, hii ilale, hii iseme kwa sauti ndogo. Chakula chake, usingizi wake, hofu zake, vyote vinamfikia. Wataalamu wamewapima akina mama na watoto wao wakakuta baadhi ya alama zinafanana. "Yai hilihili lingewekwa kwa mama mwingine," akasema, "lisingetoa mtu huyuhuyu."

"Alama," nikasema. "Kama muhuri wa posta."

"Wewe unajua kuliko mimi, Mama. Mche mmoja, vipandikizi vya mche mmoja. Hapa wadudu wanauma, unatoa asali. Ng'ambo ya mlima wanapiga dawa, unatoa majani tu. Mche ni uleule."

"Usiniletee chai yangu kwenye jambo hili."

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akasema Te-an, daktari, na sasa mimi. "Nimeshindwa kukuona unafuma kofia ya masikio yasiyokuja," akasema.

Nami nikamjibu, "Afadhali usingeniambia."

Mtoto wangu alibeba siri miaka minne, akaileta kwangu, nami nikamrudishia. Naandika hili kwa aibu, na bado nina hasira naye. Yote mawili ni kweli.

Juni 17.

Kuchuma. Yeye chumbani, mimi shambani.

Juni 18.

Vivyo hivyo. Nimempelekea uji. Kasema asante kama anavyomwambia mhudumu wa mgahawa.

Juni 20. Mvua ya ghafla mchana.

Kamba ya turubai ilikatika. Turubai likamwaga maji kwenye nyungo tano za majani yaliyokuwa yamefikia kutoa harufu. Kazi ya siku nzima ya wanawake saba. Nilipiga kelele. Halafu nikaenda stoo nikachukua nyundo.

Nisijidanganye humu. Sikusahau. Nyundo ilipokuwa mkononi nilikumbuka vizuri kabisa ni nyumba ya nani na nani yumo. Nilisema moyoni: roho gani? Ya nani? Mtoto wa mtu baki hana roho inayotembea ndani ya nyumba yangu. Nikapanda kigoda nikapigilia misumari mitatu kwenye boriti, juu ya dirisha la Pi-yun.

Niliposhuka alikuwa amesimama mlangoni.

"Turubai limeanguka," nikasema.

Aliitazama misumari mmoja mmoja. "Mwezi mzima umelifunga kwa kamba."

Nikaweka nyundo juu ya kigoda.

"Nimeelewa," akasema. Akarudi ndani akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningepata nafuu.

Juni 21.

Jua. Turubai limekaa imara.

Juni 22.

Chin-mei ameona misumari. Hakusema neno, na Chin-mei hajawahi kukosa neno tangu nimjue.

Juni 24. Jua kali.

Saa sita mchana nilikuwa nageuza majani. Nilimsikia akiita "Mama" kwa sauti aliyokuwa nayo akiwa na miaka saba. Nilimkuta amekaa sakafuni bafuni, amejiegemeza ukutani, damu imetapakaa kwenye vigae. Damu nyingi, nyekundu, bila maumivu. Alikuwa anarudia, "Siumwi, Mama, siumwi," kama vile mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa.

Chin-mei alipiga simu ya ambulansi. Tulimlaza, tukamwinua miguu. Alinishika mkono wa blauzi, mkono wenyewe hakuushika. Wakasema gari litachukua dakika ishirini kupanda mpaka huku. Dakika ishirini nifanye nini? Nilimwacha na Chin-mei, nikachukua koleo, nikapanda kigoda.

Chin-mei alichungulia dirishani. "Lien, shuka! Unataka gari libebe wawili?"

"Niache!"

"Shuka nakwambia, ng'ombe wee! Mtoto anakuhitaji huku!"

Niling'oa miwili. Wa tatu ulikatika kichwa, shina likabaki ndani ya mbao. Nililia pale juu ya kigoda, na wachumaji wote walikuwa wamesimama uani wananitazama.

Hospitalini damu ilisimama jioni. Mtoto mzima, moyo unapiga. Pi-yun atabaki hukohuko mpaka ajifungue. Daktari wake anaitwa Yeh, mwanamke wa makamo, Mhaka, mtu wa kabila letu. Nilimfuata kwenye korido nikamweleza habari ya misumari. Nilitegemea acheke.

"Kondo lilikaa chini kabla hujashika nyundo, Mama," akasema. "Damu hii nimeitegemea mwezi mzima sasa."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nilipokuwa na mimba, mama yangu alikuja ofisini kwangu akaniondolea mikasi yote. Na mimi ni mpasuaji."

Kichwa changu kimemwamini. Lakini hata kama msumari haukumgusa mtoto, ulimpata Pi-yun, nami nilikusudia umpate. Kwa hilo hakuna daktari wa kunisafisha.

Juni 27.

Nimepeleka supu kwa basi, saa moja na nusu kwenda. Pi-yun alikuwa amegeukia ukutani. "Iache mezani, Mama." Nikaiacha mezani.

Julai 1.

Supu. Mezani.

Julai 2.

Chai ya kundi la tatu imetoka nzuri kuliko miaka yote. Sikusikia furaha yoyote.

Julai 4. Ukungu.

Leo nimefuta vumbi kwenye madhabahu ya wazee wa mume wangu, nikajikuta nacheka peke yangu, kicheko kibaya. Majina yote pale ni ya wanaume na wake zao. Pi-yun aliolewa, jina lake litakaa kwa akina Te-an. Mtoto wake kwetu anaitwa mjukuu wa nje. Hata angekuwa na masikio yangu mawili na ya mama yangu mawili, madhabahu hii haimhesabu. Mimi mwenyewe nilitolewa kwa mama yangu nikaletwa hapa, na mama yangu alikuwa ametolewa kwa mama yake. Vizazi vitatu vya wanawake tunarithishana masikio kimyakimya na hakuna aliyeandika popote. Damu niliyoigombania mpaka nikachukua nyundo, nyumba hii haikuwahi kuitambua.

Sasa nilikuwa namtetea nani? Nilijiuliza nikiwa na kitambaa mkononi. Nilikuwa najitetea mimi. Nilitaka nikifa kibaki kitu changu kinachotembea.

Julai 6.

Kuchuma mara ya mwisho upande wa mashariki. Chin-mei kaniuliza, "Unaenda lini kuomba msamaha, au unangoja mtoto aanze shule?" Nikamwambia afunge mdomo. Kasema atafunga nikishaenda.

Julai 9.

Nimeenda, lakini kwa Daktari Yeh kwanza. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Pi-yun aliposema mayai yake yaliisha mapema.

Nilipokuwa na mimba yake, shamba letu la chini lilikuwa la machungwa. Marehemu mume wangu alikuwa amelazwa, mapafu. Basi dawa ya machungwa nilipiga mimi, pampu mgongoni, tumbo mbele, kitambaa puani. Miezi minne. Nguo zilikuwa zinanuka mpaka kuku wananikimbia. Watu walinisifu: mwanamke shupavu yule.

Nilimuuliza daktari, "Mayai ya msichana yanatengenezwa lini?"

Akajibu, "Yote, akiwa tumboni mwa mama yake."

Nikamweleza habari ya pampu. Nikasema, kama tumbo linamwekea mtoto alama, nambie mimi nilimwekea nini Pi-yun.

"Inawezekana dawa ilichangia," akasema. "Inawezekana haikuhusika kabisa. Wako wengi walioishiwa mayai mapema na mama zao hawajawahi kugusa pampu. Sina kipimo cha kukupa jibu, Mama. Nikikujibu nitakuwa natunga."

Nilitaka atunge. Ningemshukuru kwa uongo wowote, wa kunihukumu au wa kuniachia. Nilirudi na basi na sufuria ya supu bado imejaa, sikuingia kwa Pi-yun.

Julai 10.

Sikulala vizuri.

Julai 12. Jua.

Nimeingia. Nilivuta kiti mpaka kwenye kitanda chake, upande wa ukutani, ili asipate pa kugeukia.

Nikamwambia yote: pampu, kitambaa, miezi minne. Nilisema, "Kama mimi ndiye niliyekuharibia mayai, ujue." Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Akasema, "Najua habari ya pampu."

"Nani kakwambia?"

"Shangazi Chin-mei. Zamani sana. Alikuwa anakusifu, jinsi ulivyopanda mteremko na tumbo na lita ishirini mgongoni. Mayai yalipoisha nikaunganisha mwenyewe."

"Miaka minne yote umenyamaza?"

"Ningekwambia ufanye nini nalo? Urudi huko nyuma uache machungwa yaoze? Tungekula nini?"

Nikalia. Yeye hakulia, alikuwa ananitazama kama ninavyotazama majani kwenye ungo, kuona yamefikia wapi.

"Sikiliza, Mama. Siwezi kusema mwili wangu unamwandika mtoto huyu, halafu nikasema wako haukuniandika mimi. Nikiukubali mkono wangu kwake, nimeukubali na wako kwangu, mzuri na mbaya, na nisioujua. Miaka miwili ya kwanza nilikukasirikia. Ulikuwa unanipigia simu kuuliza kama nimekula, nami nakukasirikia. Ilinichosha."

Kisha akasema, "Lakini nyundo si dawa ya machungwa. Dawa hukujua. Nyundo ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Nilitafuta neno la heshima sikulipata. "Nilitaka masikio," nikasema.

Halafu bega lake likaanza kutikisika, nikadhani ni damu tena, nikasimama kumwita nesi. Alikuwa anacheka. "Masikio!" akasema. "Mwanamke mzima anapanda kigoda kwa ajili ya masikio!" Nami nikaanza. Tulicheka mpaka nesi akaja kutukaripia kwamba mgonjwa asitikiswe tumbo, na mimi nilipewa onyo kwamba ninyi akina mama ndio huanzisha fujo.

Nilimwomba msamaha, kwa maneno kamili, kwa yeye na kwa mtoto. Hakusema amenisamehe. Alisema supu za wiki zote hizi zilikuwa na chumvi kidogo mno.

Julai 13.

Nimeongeza chumvi.

Julai 15.

Kuchuma kumekwisha. Chin-mei amefungua mdomo wake tena, na hana mpango wa kuufunga.

Julai 17.

Pi-yun ameniuliza nilikuwa nakula nini nikiwa na mimba yake. Nikamwambia viazi vitamu na figili za chumvi. Anaandika kila kitu kwenye simu. Nikamuuliza ni za nini. Kasema mtoto akikua atauliza ametoka wapi, na habari za yai hatuna, basi angalau awe na habari za pande nyingine zote, pamoja na figili. "Utamwambia habari ya yai?" nikauliza. "Tangu akiwa mdogo," akasema. "Sitaki siku moja aone mtu anafuma kofia." Hilo lilinichoma, na nililistahili.

Nilifikiria na yule msichana leo. Kwenye basi nilikuwa natazama wasichana wa miaka ishirini na kitu, na simu zao na vikombe vyao vya chai baridi. Huenda nilikaa karibu naye. Yai lake lilitengenezwa tumboni mwa mama yake, mwanamke wa umri wa Pi-yun au zaidi kidogo, naye alikula nini, alimkasirikia nani, sijui. Nimetamani nimpelekee kifurushi cha chai mama huyo na sina anwani.

Julai 21.

Redio yasema tufani iko mashariki mwa Ufilipino. Nimefunga nyungo stoo.

Julai 24. Upepo.

Tufani inakuja huku. Te-an kanipigia simu niende mjini kabla njia ya mlima haijafungwa. Ana mafua, anakohoa, hospitali imemkataza kuingia wodini. Anasimama nje ya mlango wa vioo kama mtu aliyefukuzwa kwake. Nimelala nyumbani kwao.

Julai 26. Tufani.

Damu ilianza saa tatu asubuhi, safari hii haikusimama. Wakamwingiza chumba cha upasuaji saa nne kasorobo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama miti ikilala barabarani. Te-an alikuwa upande wa pili wa kioo na barakoa mbili. Hatukusikiana, kwa hiyo tulikuwa tunaonyeshana vidole: bado, bado.

Saa tano na nusu Daktari Yeh alitoka. Msichana. Kilo mbili na gramu mia. Wiki thelathini na nne, anapumua, lakini lazima akae kwenye kisanduku cha joto. Pi-yun amepoteza damu nyingi, wamemwongezea, yuko chumba cha uangalizi, hawezi kuinuka. Hajamwona mtoto. Walimpitisha mbele yake akiwa bado usingizini.

Nilimshika daktari mikono yote miwili, sikumwachia mpaka alipoomba.

Julai 27.

Pi-yun anaongea. Njia za mlima zimefungwa. Nyumba sijui kama ina paa, wala sijali.

Julai 28. Jua baada ya tufani.

Asubuhi nesi wa watoto alikuja kunitafuta. Mtoto hatulii, mapigo ya moyo yanakwenda juu, anahitaji kulazwa juu ya kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi. Mama hawezi leo wala kesho. Baba anakohoa.

"Wewe nani kwake, Bibi?" akauliza, kalamu mkononi.

"Mimi ni mama wa mama yake."

Akaandika. Akaniambia nioge, nivae gauni lao, nifungue vifungo mbele. Kifua changu kimekunjamana kama gunia, nikamwambia. Akasema mtoto hajui habari za magunia.

Wakamweka. Ni mdogo kuliko kuku wangu. Ana joto. Alijikunja, akapiga ngumi moja kwenye mfupa wangu, akalala. Kwenye kioo cha mashine namba ilikuwa mia moja na themanini na kitu. Nilikuwa naitazama. Mia na sabini. Mia na sitini na tano. Nikamuuliza nesi, "Hivi, na hii inamwekea alama?"

"Sijui, Bibi. Lakini namba imeshuka."

Nikakaa hivyo saa nzima bila kusogea, mguu ukafa ganzi. Kisha nesi akaleta simu, akaniwekea sikioni. Pi-yun, sauti nyembamba.

"Yuko kwako?"

"Yuko hapa. Kalala."

Halafu akauliza swali ambalo mimi ndiye niliyemfundisha kuliogopa. "Mama, anafanana na nani?"

Nilimtazama mtoto. Paji la uso ni la Te-an, hilo halina ubishi. Mdomo, kidevu, jinsi nyusi zinavyokutana, sijawahi kuviona popote, si kwa mama yangu, si kwenye kioo changu. Kudanganya kulikuwa rahisi. Mtoto wa siku mbili kila mtu humdanganyia, na hakuna anayedai ushahidi.

"Uso huu siujui," nikasema. "Haujawahi kuwapo kwetu."

Nilimsikia anavuta pumzi.

"Nimeutazama saa nzima," nikasema. "Nipe hata watoto mia moja sasa hivi, nitakuchagulia huyu."

Nilimsikia analia, na nyuma yake mtu anamwambia asijibane mshono. Nikangoja. Kisha akasema, "Hajanisikia siku mbili. Mwambie mimi ndiye mama yake."

Niliinama kwenye kichwa chake kidogo nikamwambia kwa Kihaka, kwa sauti, nesi akasikia na wote waliokuwamo chumbani wakasikia. Nikamwambia mama yako ni Pi-yun, yuko ghorofa ya chini, anakuja.